Maswali na Majibu: Rubani Anayetilia Shaka Ukaguzi wa Ndege Yake

SWALI: Mheshimiwa Mhariri, mimi ni rubani wa ndege ndogo za abiria hapa Dar es Salaam, na kazi yangu kubwa ni safari fupi za Zanzibar na Mafia. Ukaguzi wa saa 100, yaani ule wa kila ndege inapotimiza saa 100 za kuruka, unavyofanywa kwetu unanikosesha amani, kwani ndege huingizwa hanga jioni ikiwa na kazi ambayo naamini ingehitaji muda mrefu zaidi, na alfajiri hurudishwa ikiwa imetiwa saini. Breki ya kushoto huvuta wakati wa kutua, lakini msimamizi hutaka nimweleze kwa simu, kwa sababu nikiandika kwenye kitabu cha ndege, ndege haitatoka. Nifanye nini bila kupoteza kibarua changu?
Rubani, Ukonga.

JIBU: Ndugu Rubani, jambo zito zaidi katika barua yako ni hiyo simu. Saini ya alfajiri huenda ina maelezo yake, kwa kuwa kazi inaweza kugawanywa au zamu kuongezewa mafundi, nawe huwezi kuihukumu kabla ya kuziona kadi za kazi. Hitilafu iliyosemwa kwa simu, kwa upande wake, haiachi chochote ambacho fundi wa zamu inayofuata anaweza kukisoma.

Kiambatisho cha 6 cha Mkataba wa Chicago wa 1944, ambao Tanzania imeuridhia, kinampa rubani kiongozi wajibu wa kumwarifu mwendeshaji wa ndege, safari inapokwisha, kuhusu hitilafu zote anazozijua au kuzishuku. Kwa hiyo huhitaji kuthibitisha kwamba breki ni mbovu. Andika inavuta kwa mwendo gani, ndege ikiwa na mzigo kiasi gani, na njia ya kurukia ikiwa kavu au yenye maji, kwa maana maneno mawili tu ya "breki mbaya" humrahisishia fundi kujibu kwamba hakuona kitu. Ikishaandikwa, fundi mwenye leseni ama airekebishe, ama aiahirishe kwa mujibu wa orodha iliyoidhinishwa ya hitilafu ambazo ndege inaruhusiwa kuruka nazo, na kwa muda uliowekwa; pasipo mojawapo ya hayo, una haki ya kukataa kuiondoa ndege.

Safari zenu fupi nazo zinaongeza msingi wa wasiwasi wako. Tarehe 28 Aprili 1988, Boeing 737 ya shirika la Aloha, iliyokuwa ikiruka kati ya visiwa vya Hawaii, ilipasuka paa ikiwa angani na mhudumu mmoja akapoteza maisha. Ilikuwa imeruka na kutua zaidi ya mara 89,000 katika hewa ya chumvi, na uchunguzi ulilaumu mpango wa matengenezo ulioshindwa kugundua kuachana kwa mabati na uchovu wa chuma. Abiria mmoja aliuona ufa wakati wa kupanda, asimwambie mtu. Ndege zenu ndogo kwa kawaida hazijazwi hewa ya shinikizo, hivyo paa si hofu yenu kubwa. Lakini kutu ya bahari na idadi ya kutua, ambayo hesabu ya saa pekee huificha, vinaihusu miguu ya ndege na breki hiyo hiyo unayoilalamikia.

Mfano wa pili ni wa zamu za hanga. Ndege ya MD-83 ya Alaska Airlines ilianguka baharini karibu na California tarehe 31 Januari 2000 na kuua watu wote 88, baada ya parafujo ya mkiani kulika kwa kukosa grisi ya kutosha. Mwaka 1997 fundi wa zamu moja aliikuta imefikia kikomo cha kulika, akaandika kwamba sehemu yake ibadilishwe. Zamu nyingine ikapima upya na kuiachia ndege. Wachunguzi waliyajua haya kwa sababu yaliandikwa.

Anza basi na kitabu cha ndege, kisha mpelekee taarifa ya maandishi meneja wa usalama wa kampuni, ubaki na nakala. Wakinyamaza, iripoti kwa Mamlaka ya Usafiri wa Anga (TCAA). Kuhusu kibarua, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 haikubali mfanyakazi aachishwe kazi kwa kutoa taarifa ambayo sheria inamtaka aitoe. Likikufika, fungua shauri Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30 tangu kuachishwa, nawe uwe na nakala zako mkononi.