Ndege wa Viraka: Maswali ya Wasomaji Kuhusu Mfarishi

Nina mfuko mzima wa mabaki ya vitambaa na ninatamani mfarishi wa ndege wa rangi rangi, ila kuchora sijui kabisa. Kuna ndege anayekatwa kwa rula tu? *Mkono Mzito*

Yupo, na ana miraba, mistatili na pembetatu peke yake. Bloku yake, yaani mraba wa viraka wenye ndege mmoja, ikiwa tayari kuunganishwa ina inchi 8½ kila upande. Ndani ya mfarishi hubaki 8. Vipimo vyote hapa vimeshahesabu robo inchi ya mshono kila upande, kwa hiyo usiongeze kitu. Kitambaa kinachomzunguka ndege tutakiita anga.

Anza na kiwiliwili. Chukua mraba wa inchi 5 wa rangi ya bawa na mwingine wa rangi ya tumbo, uvilaze uso kwa uso. Piga mstari wa chaki kutoka kona hadi kona, shona robo inchi kila upande wa mstari, kisha kata juu ya mstari wenyewe. Utapata viwiliwili viwili, yaani ndege wawili. Vipunguze hadi inchi 4½, ukiilaza rula ili mshono upite sawasawa kwenye kona zote mbili. Mkia hutoka kwa njia hiyo hiyo: mraba wa inchi 3 wa rangi ya bawa na wa inchi 3 wa anga, ukipunguzwa hadi 2½.

Kifua kisibaki na kona kali. Weka mraba wa anga wa inchi 2 kwenye kona ya tumbo, shona kona hadi kona, kata ziada ukiacha robo inchi, kisha ukunjue. Kichwa ni mraba wa inchi 2½. Kona yake ya juu upande wa kisogo ikatwe vivyo hivyo kwa mraba wa anga wa inchi 1¼. Mdomo ni mraba wa anga wa 2½ uliowekewa mraba wa njano au chungwa wa inchi 1½ kwenye kona ya chini inayogusa kichwa.

Kwa ndege anayetazama kulia, safu ya juu ni mstatili wa anga wa 4½ kwa 2½, kichwa, halafu mdomo. Safu ya kati inaanza na mkia ulioshonwa juu ya mraba wa anga wa 2½, kinafuata kiwiliwili (bawa juu kushoto, kifua chini kulia), kisha mstatili wa anga uliosimama, 2½ kwa 4½. Chini kabisa ni utepe wa anga wa 8½ kwa 2½, na hapo ndipo utadarizi miguu. Pembetatu ya mkia iguse kiwiliwili kwa ubavu wake mzima. Ukiigeuza vibaya, mkia utaelea hewani, na hilo ndilo kosa tunaloliona kuliko yote kwenye bloku hii.

Ukitaka wachache watazame kushoto, panga vipande vile vile kinyume. Wote wakitazama upande mmoja hufanana na foleni.

Nimemaliza bloku kumi na mbili. Nyingine zina inchi 8½, nyingine 8¼, na moja imepinda kama kigae kilichopata moto. Nilikata kwa uangalifu sana. *Nimechoka Kufumua*

Tunaamini ulikata vizuri. Kosa liko kwenye mshono. Mshono ukizidi kwa moja ya kumi na sita ya inchi, unakula kiasi hicho kwenye vipande vyote viwili vinavyokutana, yaani moja ya nane kwa kila mshono. Bloku yako ina mishono miwili kwa upana, hivyo robo inchi imekwenda. Hiyo ndiyo 8¼ yako.

Jipime kabla ya kuendelea. Kata vitepe vitatu vya upana wa inchi 1½, viunganishe kwa urefu, upige pasi, kisha pima cha katikati. Kiwe inchi 1 kamili. Kikipungua, sogeza mshono uelekee ukingo wa kitambaa kwa unene wa uzi mmoja, kwa sababu mkunjo wa mshono nao hula nafasi kidogo. Ukishapata sehemu sahihi, bandika utepe wa gundi kwenye bamba la cherehani uwe mwongozo, maana ukingo wa mguu wa cherehani si lazima uwe robo inchi. Hatua ya mshono iwe milimita 2 hadi 2½, na sindano namba 80 inatosha kwa pamba ya kawaida.

Iliyopinda ni kazi ya pasi. Pembetatu zina upande uliokatwa mshazari, na kitambaa kikivutwa kwa mshazari hutanuka kama mpira. Usisukume pasi huku na huku. Ibonyeze, iinue, ihamishe, na mvuke uuache hadi bloku iishe.

Vitambaa vyangu ni vizuri kimoja kimoja, ila nikiviunganisha ndege hawaonekani. Nipunguze rangi? *Mpenda Kasuku*

Hapana, rangi zako ziache. Jicho hutenganisha ndege na anga kwa kukolea kwa rangi zaidi kuliko kwa rangi yenyewe. Nyekundu na kijani zilizokolea sawa, ukisogea hatua tano, huwa doa moja. Vipange vipande sakafuni, vipige picha kwa simu, kisha igeuze picha iwe nyeusi na nyeupe. Ndege aliyepotea kwenye picha hiyo atapotea pia kitandani.

Shida ya pili ni maua makubwa. Kichwa cha inchi 2 kikikatwa kwenye ua la inchi 6, nusu yake huwa nyekundu na nusu nyeupe, na umbo linavunjika. Maua makubwa yapeleke kwenye mikanda inayotenganisha bloku. Ndege wapewe madoa madogo, mistari myembamba au rangi tupu.

Kitambaa kiasi gani kwa kitanda cha mtu mmoja? *Msomaji*

Ndege 48, sita kwa upana na wanane kwa urefu, pamoja na mikanda ya inchi 2 katikati na pembeni, ni inchi 62 kwa 82. Kwa kitambaa cha upana wa inchi 44, nunua anga mita 2½, mikanda mita 2, kitambaa cha chini mita 5 (kina kiungo katikati) na sentimita 60 za upindo wa kufunga kingo. Anga inunuliwe yote siku moja, kwani jora jingine la rangi ile ile mara nyingi halilingani.

Macho niweke vifungo? Mfarishi ni wa mtoto mchanga. *Mama Mtarajiwa*

Usiweke vifungo wala shanga. Kikichomoka, mtoto atakitia mdomoni. Darizi fundo dogo la uzi mweusi, na ulidarizi kabla ya kuweka pamba ya kujazia katikati.

Nimeshona tabaka tatu pamoja, upande wa chini umejaa mikunjo. Na nyekundu imechuja kwenye anga nyeupe! Naweza kuokoa? *Machozi*

Rangi ndiyo ya haraka. Mfarishi usikauke wala usipigwe pasi, maana joto kavu litaigandisha rangi. Uzamishe kwenye maji mengi ya moto pamoja na sabuni ya maji, ukae saa kadhaa, ubadilishe maji, na urudie hadi yawe safi. Safari ijayo, lowesha kipande cha kila rangi kali, kibane na kitambaa cheupe, upitishe pasi. Cheupe kikipata doa, fua kitambaa hicho peke yake kwanza. Ukifua kimoja, fua vyote, kwa sababu pamba husinyaa.

Mikunjo hutokea kitambaa cha chini kisipokazwa. Kibandike sakafuni kwa utepe, uso chini, kikiwa kimetanuka bila kuvutika. Kiwe kimezidi inchi 4 kila upande. Juu yake tandaza pamba, kisha viraka. Funga vikwasi kila baada ya inchi 4, na anza kushona katikati ukielekea pembeni, hatua ya milimita 3. Kwa huo ulio nao, fumua mishono iliyozunguka mkunjo tu, sawazisha kwa mkono, funga vikwasi, ushone upya. Mkunjo mdogo ulio mbali na ukingo, sisi tungeuacha.