Betri inakufa baada ya kufunga chaja ya simu, spotilaiti na alamu: usikimbilie betri kubwa

Mkuu, nimesoma swali lako mara mbili. Pikipiki ni ya cc 125 yenye stata ya umeme. Umefunga soketi ya USB yenye kioo cha volti, spotilaiti mbili za LED na alamu ya kuzuia wizi. Ukiilaza siku tatu, asubuhi ya nne ukibonyeza stata inalia tak-tak tu. Fundi anasema weka betri kubwa zaidi, na wewe unauliza kama ni kweli, maana bado unataka kuongeza indiketa za LED.

Mimi niliweka hiyo betri kubwa. Badala ya kufa siku ya tatu ikawa inakufa siku ya tano. Tatizo lilibaki lilelile, ila sasa lilikuwa limenigharimu zaidi.

Betri haitengenezi umeme, inautunza. Umeme unatengenezwa na koili za chaji zilizo ubavuni mwa injini, sumaku ikizunguka pale. Kisha rekitifaya, kile kifaa kinachogeuza umeme huo ufae kuchaji betri, inaunyoosha na kuuzuia usipande kupita volti 14.5 hivi. Ukiweka betri kubwa umeongeza ukubwa wa pipa, bomba la kulijaza ni lilelile. Kwa hiyo kuna maswali mawili: nini kinakunywa umeme pikipiki ikiwa imelala? Na ikiwa barabarani, je, kinachoingia kinazidi kinachotoka?

La kwanza linapimwa kwa mita ya kawaida. Zima swichi, toa ufunguo, fungua waya wa hasi kwenye betri. Weka mita katikati: ncha moja kwenye nguzo ya hasi ya betri, nyingine kwenye waya ulioutoa, mita ikiwa kwenye ampea, tundu la 10A. Namba ikiwa ndogo mno ndipo uhamie tundu la miliampea. Mita ikiwa hapo usiguse swichi wala stata hata kwa bahati mbaya. Stata inavuta makumi ya ampea na fyuzi ya mita itakatika hapohapo.

Yangu ilisoma miliampea 43. Nikachomoa soketi ya USB, ikashuka hadi 25. Nikachomoa alamu, ikawa sifuri. Kumbe zile tarakimu nyekundu za volti, ambazo nilikuwa nikizitazama usiku kwa raha zangu, zilikuwa zinakunywa miliampea 18 usiku kucha na mchana kutwa. Miliampea 43 kwa saa 24 ni zaidi kidogo ya ampea-saa 1. Betri yangu ya awali ilikuwa ya ampea-saa 5. Piga hesabu ya siku tatu: zaidi ya nusu imekwenda, na betri ya asidi iliyofika hapo haina nguvu ya kuzungusha injini, hata kama honi inalia na taa zinawaka. Tena ikiachwa katika hali hiyo mara kwa mara, bamba zake zinashikwa na salfeti na uwezo uliopotea haurudi.

Alamu ni lazima ibaki na umeme muda wote, hiyo ndiyo kazi yake. Lakini ndiyo peke yake yenye ruhusa hiyo. Soketi ya USB na spotilaiti zinatakiwa zife ufunguo ukizimwa, na njia safi ni relei, yaani swichi inayowashwa na umeme mdogo ili ipitishe umeme mkubwa.

Relei ya kawaida ya miguu minne ina namba zimeandikwa chini yake: 30, 85, 86, 87. Mguu wa 30 unapokea moto kutoka chanya ya betri kupitia fyuzi. Wa 87 unapeleka moto kwenye vifaa vyako. Wa 85 unakwenda ethi, yaani kwenye chuma cha fremu au hasi ya betri. Wa 86 ndio unaoamsha relei. Huo uuunge kwenye waya unaopata moto ufunguo ukiwashwa tu, kwa mfano ule unaolisha swichi ya taa ya breki. Waya ule hautabeba mzigo wa taa zako, utabeba sehemu ndogo tu ya ampea ya kuamshia relei, kwa hiyo mfumo wa asili wa pikipiki haulemewi.

Hapa kuna mtego kwa pikipiki ndogo. Nyingi kati yake, hasa za zamani kidogo, taa kubwa ya mbele hailishwi na betri, inalishwa moja kwa moja na koili. Utaijua: injini ikizimwa taa nayo inazimika, na ukivuta mafuta inang'aa zaidi. Umeme ulioko kwenye waya ule ni mkondo geu, unapanda na kushuka pamoja na injini. Ukichukulia moto wa USB pale kwa sababu tu uko karibu na usukani, chaja haitadumu, na simu inaweza kuumia nayo.

Sasa fyuzi. Naomba hapa usome polepole, kwa sababu hapa ndipo nilipokaribia kupoteza pikipiki nzima.

Aliyenifungia spotilaiti mara ya kwanza alivuta waya mwembamba mwekundu kutoka chanya ya betri, akaupitisha chini ya tangi hadi mbele, bila fyuzi. Zilifanya kazi miezi kadhaa. Siku moja nakata kona taratibu nikasikia harufu ya plastiki inayoungua, halafu moshi mwembamba ukatoka kwenye ufa kati ya kiti na tangi. Nilizima ufunguo, moshi ukaendelea, kwa sababu waya ule ufunguo haukuwa na habari nao. Nikang'oa kiti, nikauchomoa waya kwenye betri kwa mkono, na kidole gumba kikaungua. Nilipoinua tangi nikaona chanzo. Pale shingoni, usukani unapogeukia, waya ulikuwa umebanwa kati ya fremu na kizuizi cha usukani. Kila nilipokata kona ulisagwa kidogo, hadi ganda likaisha na nyuzi za shaba zikagusa chuma. Sentimita kama 40 za ganda zilikuwa zimeyeyuka na kugandamana na waya za asili za pikipiki. Na juu yake lilikuwa limekaa tangi la petroli.

Fyuzi hailindi spotilaiti, inalinda waya. Ndiyo maana inakaa karibu na betri kadiri inavyowezekana, sentimita 15 au 20 tu kutoka kwenye nguzo ya chanya. Ukiiweka mbele karibu na taa, urefu wote wa waya kutoka betri hadi pale hauna mlinzi. Kwa USB peke yake natumia fyuzi ya ampea 3 na waya wa milimita za mraba 0.75. Kwa spotilaiti mbili za kawaida, fyuzi ya 7.5 na waya wa 1.5. Fyuzi ikikatika tafuta sababu, usiweke kubwa zaidi.

Na pale shingoni, ukimaliza kupitisha waya, geuza usukani hadi mwisho kushoto, kisha hadi mwisho kulia, ukitazama kwa tochi. Waya usivutike wala usibanwe popote. Uache ulegee kidogo, uuvishe mpira wa kinga, uufunge kwa zipu bila kuukaza. Nikifunga kitu chochote mbele, sehemu hii peke yake naipa nusu saa.

Kwenye maungio, nimeacha zile klipu za plastiki zinazobanwa juu ya waya kwa koleo na kuuma hadi ndani. Zinakata baadhi ya nyuzi, kisha maji yanaingia na shaba inakuwa kijani. Tepu nayo kwa joto la injini inayeyuka gundi na kufunguka. Bana kwa viungio vya shaba kwa koleo lake, vuta kwa nguvu kuhakikisha, halafu vika mpira unaosinyaa kwa joto. Risasi ya kulehemu siipendi kwenye pikipiki: inaufanya waya uwe mgumu kama kijiti, na mtikisiko unaukatia pale ugumu unapoishia.

Swali la pili, la barabarani, linapimwa kwa volti. Washa injini, washa kila kitu unachotumia usiku, weka mita kwenye nguzo za betri. Injini ikiwa sailensa, yaani inanguruma bila kuvutwa mafuta, mita itakuonyesha namba ndogo, isikutishe. Panda hadi mizunguko unayokwenda nayo siku zote. Ikisoma 13.5 hadi 14.5 uko salama. Ikikaa chini ya 13, kila safari ya usiku unakula akiba. Taa kubwa ya wati 35 inavuta karibu ampea 3. Simu inayochaji kwa volti 5 na ampea 2 ni wati 10, ukihesabu na upotevu wa chaja inavuta karibu ampea 1 ya volti 12. Spotilaiti usiamini maandishi ya boksi, pima. Zangu mbili zilivuta ampea 2.9, yaani ni kama nimebeba taa kubwa ya pili. Kwa hiyo zina swichi yake, nazizima mjini, na nimezielekeza chini, kuelekea ukingo wa barabara wa upande wangu, kwa sababu anayekuja mbele akipofushwa na taa zangu, mimi ndiye aliye karibu naye kuliko wote.

Simu juu ya usukani ni jambo jingine. Mwaka 2021 Apple walitoa tahadhari kwamba mtikisiko wa injini kubwa za pikipiki unaweza kuharibu mfumo wa kamera wa iPhone unaotuliza picha, na hata kwa injini ndogo wakashauri kishikio chenye mpira wa kupunguza mtikisiko. Nafuata ushauri huo. Mvua ikianza naichomoa simu na kufunika soketi kwa kizibo chake, kwani maji kwenye tundu lenye umeme yanazila zile pini haraka sana.

Indiketa za LED zitakuletea mambo mawili. La kwanza, zitapepesa mbiombio, kwa kuwa flasha ya asili, kile kifaa kinachozipepesa, inategemea mzigo wa balbu za wati 10. Badilisha flasha, weka ya kielektroniki isiyotegemea mzigo, usihangaike na vipingamizi vinavyochemka. La pili, kama dashibodi yako ina taa moja tu ya indiketa kwa pande zote mbili, ukiwasha kushoto zote nne zitapepesa, kwa sababu umeme unapita kwenye ile taa ya dashibodi hadi upande wa pili. Dawa yake ni diodi mbili, vile vipande vinavyopitisha umeme upande mmoja tu: kila upande ulishe taa ya dashibodi kupitia diodi yake, na mguu wa pili wa taa hiyo ya dashibodi uende ethi.

Leo jioni pima tu, usinunue kitu. Niandikie hapa miliampea ufunguo ukiwa umezimwa, volti taa zote zikiwaka kwenye mizunguko ya safari, na ampea-saa zilizoandikwa ubavuni mwa betri. Nikiwa na hizo namba tatu nitakuchorea relei yako ikae wapi na waya zipite wapi.