Mwanangu, andika ulichokifanya

Mwanangu,

Marahaba. Umeniuliza mambo mawili: uandike nini kwenye CV wakati hujawahi kuajiriwa, na utaingiaje chumba cha usaili bila kutetemeka. Kwangu mimi hilo ni swali moja. Miaka yote niliyokaa kwenye paneli nikiwa ofisa utumishi, waliotetemeka zaidi walikuwa wale ambao karatasi zao zilisema mambo wasiyoweza kuyaeleza kwa mdomo.

Nimesoma CV uliyonitumia. Juu kabisa umeandika: "Mchapakazi, mbunifu, ninayejituma na kufanya kazi bila kusimamiwa." Futa. Maneno hayo yamo kwenye CV za waombaji karibu wote, na hayamwambii msaili lolote juu yako. Halafu chini kabisa, kwa mstari mmoja, umeweka: "Field, stoo ya halmashauri." Mwanangu, CV yako yote imejificha kwenye mstari huo!

Wewe mwenyewe ulinisimulia siku yalipoletwa madawati. Ukahesabu, ukakuta yaliyoshushwa ni pungufu kuliko yaliyoandikwa kwenye hati ya mzabuni, ukakataa kusaini mpaka mtunza stoo alipokuja. Basi andika: "Nilipokea mizigo na kuilinganisha na hati ya mzabuni pamoja na oda ya ununuzi, nilijaza leja na kadi za stoo, nilishiriki kuhesabu mali." Na duka la shangazi yako usilionee haya. Umeagiza bidhaa na kutunza daftari la madeni, na hiyo ni kazi ya ugavi. Ila usiongeze chumvi. Usijiite meneja wa duka, kwa sababu swali la pili litakuwa ulisimamia watu wangapi.

Kurasa mbili zinatosha. Namba ya simu iwe ile unayoipokea, na wadhamini wako watatu wapigie kwanza uwaombe ruhusa, wasije wakashtukizwa.

Sasa vyeti, na hapa ndipo ninapokuwa na wasiwasi. Cheti chako cha kuzaliwa kina majina matatu, cha kidato cha nne kina mawili. Sekretarieti ya Ajira, wanaosaili waombaji wa kazi za serikali, wanalikazia sana jambo hili: majina yakitofautiana, wanataka hati ya kubadili majina iliyosajiliwa. Nenda kwa wakili wiki hii, usingoje kuitwa. Nimeona vijana wenye akili wakizuiwa mlangoni kwa kasoro hiyo tu, na inauma. Siku ya usaili wanataka vyeti halisi, kuanzia cha kuzaliwa, pamoja na kitambulisho. Hati za matokeo ya muda hazipokelewi. Nauli, chakula na malazi ni juu ya msailiwa, lakini hayo niachie mimi.

Kwa kawaida utaanza na mchujo wa kuandika, ukipita ndipo uitwe mahojiano. Kwa fani yako ya ununuzi na ugavi, jihadhari na kitu kimoja. Wengi wanaingia wakiwa bado na Sheria ya Ununuzi wa Umma ya 2011 kichwani, wakati iliyopo ni Sheria Na. 10 ya 2023. Isome yenyewe, si muhtasari unaozunguka kwenye magrupu. Jua pia NeST, mfumo wa kielektroniki wa ununuzi wa umma, unavyokwenda, tangu tangazo la zabuni hadi mkataba. Na kuhusu usajili wa PSPTB, bodi ya wataalamu wa ununuzi na ugavi, uwe na jibu: umefikia wapi, unaendelea lini.

Wakikuambia "jieleze," usianzie shule ya msingi. Sema umesomea nini, ulifanya wapi mafunzo kwa vitendo, kisha ingia kwenye kisa cha madawati. Hapo sauti yako itatulia yenyewe, kwa kuwa unasimulia jambo uliloliona kwa macho yako. Lisimulie kwa Kiingereza pia, kwa sauti, mbele ya mdogo wako, kwani lugha ikikukwama wataona kazi yenyewe huijui. Usikariri. Aliyekariri akikatizwa katikati hupotea.

Likija swali usilolijua, vuta pumzi useme: "Hilo sijawahi kulifanya, ila ninavyofahamu utaratibu wake ni huu," kisha sema unachokifahamu na unyamaze. Mimi nilikuwa nawapa alama waliojibu hivyo. Aliyezungukazunguka kuficha kutojua ndiye aliyenitia shaka, maana stoo ni mali ya watu, na tunamtafuta wa kumkabidhi funguo.

Nitumie CV mpya ukishaiandika, na picha za vyeti vyote viwili nimpelekee wakili wa hapa mjini aviangalie.

Mama yako