Shangazi, mume wangu anafuata raha ilhali watoto maskini wanateseka

"Shangazi, mimi ni mke na mama wa watoto wawili, na nimeokoka. Tangu tulipoonyeshwa kanisani picha za watoto wanaoishi katika umaskini, siwezi tena kufurahia kitu chochote. Ninawafadhili watoto wawili kupitia shirika la Kikristo, na nyumbani nimepiga marufuku keki za siku ya kuzaliwa, matembezi ya likizo na nguo zisizo za lazima. Mume wangu hataki kunielewa. Kila Jumamosi anakwenda kutazama mpira na rafiki zake, na juzi nimegundua kwamba amekuwa akiwalipia karo watoto wa dada yake mjane bila kuniambia. Nifanye nini ili Mungu aulainishe moyo wake?"

Shangazi anajibu:

Binti yangu, uchungu ulio nao kwa ajili ya watoto hao ni wa haki, na mtu asikucheke kwa sababu hiyo. UNICEF na Benki ya Dunia walikadiria mwaka 2023 kwamba watoto milioni 333 duniani walikuwa wakiishi katika umaskini wa kupindukia, yaani katika kaya ambazo kila mtu alitegemea chini ya dola 2.15 kwa siku kwa mahitaji yake yote. Mkristo anayesikia hesabu hiyo kisha akaendelea kutafuna kana kwamba hakuambiwa kitu atakuwa na maelezo marefu ya kutoa mbele ya Bwana wake, aliyesema kwamba tunalomtendea mmojawapo wa hao walio wadogo tumemtendea yeye. Hapo mimi nawe hatuna ugomvi. Ugomvi wetu unaanzia pale unapoomba moyo wa mumeo ulainishwe, kwa sababu nimeisoma barua yako yote, pamoja na yale uliyoyaandika kwa kupitia tu, na moyo mgumu niliouona humo si wa kwake.

Nianze na keki. Umeeleza kwamba binti yako alipotimiza miaka saba baba yake alileta keki, nawe ukasimama mbele ya wageni wake wadogo ukawafafanulia ni watoto wangapi wangeshibishwa kwa fedha ile. Kisha ukaongeza, kwa masikitiko, kwamba siku mbili baadaye ulikuta kipande cha keki chini ya godoro lake, kimefungwa kwa karatasi ya daftari, sisimizi wamekijaa. Umenipa kisa hiki kama ushahidi wa ulafi aliourithi kwa baba yake. Mama mzima! Mtoto wa miaka saba anaficha keki ya siku yake mwenyewe ya kuzaliwa, halafu anaogopa kuila hata huko alikoificha, nawe unatafuta ulafi? Ulitaka ajifunze huruma, naye amejifunza kwamba katika nyumba ya mama yake furaha ni kosa, na kwamba watoto maskini ndio waliosababisha aaibishwe mbele ya rafiki zake. Usishangae akikua akawa mtu anayegeuza uso kila anapoona mkono umenyooshwa.

Unasema unamfuata Kristo katika jambo hili, basi tumfuate mpaka anakokwenda. Alipokuwa Bethania, Mariamu alimpaka miguu kwa marhamu ya nardo yenye thamani kubwa, na palikuwa na mtu mezani aliyepiga hesabu kama zako, akauliza kwa nini marhamu ile haikuuzwa kwa dinari mia tatu wakapewa maskini. Dinari moja ilikuwa ujira wa kibarua kwa siku, kwa hiyo fedha iliyozungumzwa pale ilikaribia mapato ya mwaka mzima, na hoja, kwa kuisikia tu, ilikuwa nzuri. Aliyeitoa alikuwa Yuda Iskariote, na Yohana anatuambia waziwazi kwamba hakusema vile kwa kuwahurumia maskini. Sikuiti Yuda, binti yangu. Nakuonya tu kwamba mtu anaweza kuzungumza kwa niaba ya maskini na maneno yake yote yakawa sahihi, ilhali moyoni mwake mna kitu kingine kabisa.

Najua utanijibu kwamba wanaopenda raha huegemea jibu ambalo Yesu alimpa Yuda, kwamba maskini tunao siku zote. Ni kweli huliegemea, tena vibaya, kwa maana maneno hayo yanatoka katika Kumbukumbu la Torati sura ya 15, mahali ambapo Mungu anasema maskini hawatakoma katika nchi, na papo hapo anaamuru watu wamfumbulie mkono ndugu yao aliye mhitaji. Lakini geuza ukurasa mmoja nyuma, usome sura ya 14. Mwisraeli anaambiwa achukue zaka yake, anunue kitu chochote ambacho nafsi yake inakitamani, ale mbele za Bwana na kufurahi, yeye na nyumba yake. Na kila mwisho wa mwaka wa tatu zaka ya mazao iwekwe akiba ndani ya malango, ili Mlawi, mgeni, yatima na mjane waje wale washibe. Karamu na sadaka zimetoka katika ghala moja, na aliyeziagiza ni yule yule. Paulo naye, alipomwelekeza Timotheo namna ya kuwaagiza matajiri, alisema kwamba Mungu hutupa vitu vyote kwa wingi ili tuvitumie kwa furaha, na mara akaendelea kwamba wawe tayari kutoa na kushirikiana na wengine. Wewe umeshika nusu ya pili ya agizo hilo ukaitumia kama fimbo ya kuipigia nusu ya kwanza.

Sasa nije kwa wifi yako, maana yeye ndiye aliyenifanya niiweke barua yako mezani nikanywe maji kwanza.

Huyu ni mjane mwenye watoto watatu, na kwa maelezo yako mwenyewe mkubwa wao alirudishwa nyumbani mara mbili kwa kukosa karo. Yatima na mjane wa Kumbukumbu la Torati wamekaa kwenye sebule yako, tena ni damu ya ukoo ulikoolewa, nawe umewataja katika orodha ya maovu ya mumeo, baada ya mpira na soda anayokunywa akiutazama. Umeandika kwamba wifi hana shukrani na kwamba fadhila ya punda ni mateke. Inawezekana kabisa kwamba hana shukrani. Wale watoto wawili unaowafadhili wewe wanakuandikia barua nzuri na kukutumia picha wakitabasamu, na umenieleza kwamba picha zao zipo ukutani, mahali ambapo kila mgeni anayeingia huziona. Mtoto wa mbali hakuudhi, hakosi adabu, mama yake hana maneno ya pembeni, na ukimtaja kanisani watu wanaitikia amina. Mtoto wa wifi hana picha ukutani. Ana viatu vilivyotoboka na mama mwenye mdomo, na kumsaidia hakuna atakayekupongeza. Ukitaka kujua kama unachotoa ni huruma au ni kitu kingine kilichovaa nguo ya huruma, mtazame huyo.

Tena si kwamba nakuambia uwaache wale wawili. Mwaka 2013 wachumi Bruce Wydick, Paul Glewwe na Laine Rutledge walichapisha utafiti walioufanya katika nchi sita juu ya watu waliofadhiliwa utotoni kupitia Compassion International, shirika la Kikristo lililoanza mwaka 1952 kwa kuwahudumia yatima wa vita vya Korea, na walikuta kwamba waliofadhiliwa walisoma zaidi ya mwaka mmoja kuliko ambavyo wangesoma bila ufadhili ule. Kwa maisha ya mtoto, hilo si jambo dogo. Endelea nao, na barua zao uzijibu. Ila ujue kwamba mumeo anafanya jambo lile lile ambalo utafiti huo umelisifu, anamlipia mtoto asome, na tofauti ni kwamba yeye hapokei picha.

Kisha ukaandika sentensi ambayo natumaini uliiandika kwa haraka: kwamba ingekuwa vyema watoto hao watatu wapelekwe katika kituo cha kulelea yatima kinachosaidiwa na kanisa lenu, "ili msaada uwe na utaratibu", na kwamba umekwisha kuanza kuandika barua ya maombi. Mama yao yu hai! Anawapenda, anawafulia, anawaamsha waende shule. Kilichopungua ni fedha. Mwongozo wa malezi mbadala ya watoto uliopokelewa na Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa mwaka 2009 unasema kwamba umaskini peke yake usiwe sababu ya kumwondoa mtoto mikononi mwa wazazi wake, na kwamba ukionekana uchukuliwe kuwa dalili kwamba familia inahitaji kusaidiwa. Karo anayoilipa mumeo ndiyo huo msaada. Bila kuusoma mwongozo wowote, ametenda kama mwongozo huo unavyotaka, nawe uliyehudhuria kongamano la siku tatu hotelini kujifunza huduma ya watoto umekusudia kinyume chake. Na kwa kuwa tumelitaja kongamano, hukunihesabia chakula cha hoteli kingeshibisha watoto wangapi. Mkuki kwa nguruwe.

Unalalamika kwamba alikuficha. Kuficha ni kosa, na kama yeye ndiye angeniandikia ningemkemea. Lakini mtu anayejua kwamba kila senti itapigiwa kelele huanza kutenda hata mema kwa kunyemelea. Nyumba yako ina watu wawili wanaoficha vitu, mmoja anaficha keki na mwingine anaficha sadaka, na wote wawili wanakuficha wewe.

Ndoa nyingi za siku hizi zimeingiliwa na ugonjwa huu, na hauko kwa waliookoka peke yao. Kila mmoja ana mfuko wake wa siri na wema wake wa siri. Mke anatoa kanisani asijue mume, mume anatoa kwao asijue mke, na wakiketi mezani wanapimana nani ni mtakatifu zaidi na nani ni mbinafsi zaidi. Zamani tuliambiwa kwamba kinachovunja nyumba ni anasa, na mara nyingi ni kweli, lakini nimeona nyumba zilizopasuliwa na kujinyima kwa mmoja ambaye amekataa kula ili apate haki ya kumhukumu anayekula. Paulo alipowachangisha Wakorintho aliwaambia kwamba hakusudii wengine wapate raha nao wapate dhiki, na kwamba kila mtu atoe kama alivyokusudia moyoni mwake, wala si kwa huzuni wala kwa lazima. Mumeo na watoto wako wanatoa kwa lazima, binti yangu. Wewe umekusudia peke yako, ukawatoza wote.

Basi fanya hivi. Keti na mumeo, bila picha wala mafungu ya Biblia, mwandike mapato yenu yote na mahitaji ya lazima. Katika kinachobaki, kubalianeni kiasi cha kutoa kila mwezi, kiwe kiasi mnachokisikia mfukoni lakini kisichowafanya mkopeshwe, na karo ya watoto wa wifi iingie humo kwanza, kwa jina lake, mahali unapoiona. Waliofadhiliwa wafuate. Mkishakubaliana, fedha iliyotengwa kwa maskini isiguswe hata siku ya sikukuu, na iliyobaki kwa ajili ya nyumba isihojiwe tena, iwe imekwenda kwenye mpira au kwenye matembezi ya likizo. Mkiona mapato yameongezeka, ongezeni pande zote mbili. Hapo ndipo utakapojua kama moyo wa mumeo ni mgumu, na mimi sidhani.

Binti yako mwombe radhi. Usimhubirie. Mwambie kwamba baba alifanya vyema kuleta keki na kwamba mama alikosea kusema vile mbele ya wenzake. Mwaka ujao akitaka sherehe, mwache achague mwenyewe wageni wake, na watoto watatu wa shangazi yake wawe miongoni mwao, wakae naye meza moja, pasiwepo mtu wa kutangaza kwamba wamesaidiwa. Akiamua mwenyewe kumpa mtu kitu chake, nyamaza umtazame tu.

Kwa wifi uende wewe, usimtume mumeo. Akikupokea kwa maneno makali, yapokee, kwa maana yapo uliyomwambia baada ya msiba ambayo umeyagusa kwa mbali katika barua yako na ambayo yeye hajayasahau. Na ile barua ya kituo, kama bado ipo nyumbani ichane leo. Kama umekwisha kuipeleka, nenda kaiombe mwenyewe kabla ofisi haijaanza kuishughulikia.