Maswali ya wasomaji: Spika nzito juu ya sakafu ya boriti

SWALI: Ndugu Mhariri, ninaishi orofani katika nyumba ya kale ya mawe, Mji wa Kale, Mombasa. Chumba changu cha kusikilizia kina upana wa mita 2.8 na urefu wa mita 5, na kila Ijumaa usiku wenzangu huja tukasikiliza kanda za taarabu. Nakusudia kujitengenezea spika mbili kwa mvule wa unene wa inchi 2, kila boksi likiwa na kimo cha sentimita 150, na upana na kina cha sentimita 60. Fundi seremala wangu asema kadiri boksi linavyokuwa kubwa na zito ndivyo besi inavyozidi, na ataka pia kuta zake zijazwe mchanga. Je, ni kweli?

JIBU: Ndugu yangu, fundi wako amechanganya mambo matatu ambayo yapasa yatenganishwe kabla ya msumeno kugusa ubao: ukubwa wa boksi, ugumu wake na uzito wake.

Ukubwa huamuliwa na spika yenyewe, yaani kile kifaa chenye koni (kile kikombe kinachotikisika na kutoa sauti) kinachofungwa ndani ya boksi. Tangu kazi ya Neville Thiele wa Australia ya mwaka 1961, na ya Richard Small iliyofuata katika miaka ya 1970, karatasi ya vipimo vya spika nzuri huonyesha masafa ambayo koni hutikisika ikiwa haijatiwa boksini (Fs), jinsi mtikisiko huo unavyodhibitiwa (Qts), na ujazo wa hewa wenye unyumbufu sawa na wa koni (Vas). Chukua spika ya inchi 12 yenye Fs ya hezi 25 (hezi moja ni mtikisiko mmoja kwa sekunde), Qts ya 0.4 na Vas ya lita 200. Katika boksi lililozibwa la lita 94, kadiri sauti inavyoshuka kuelekea chini, besi yake hupungua kwa desibeli 3 (nguvu hubaki nusu) ifikapo hezi 44. Boksi lako lina takriban lita 350 kwa ndani, na spika hiyohiyo ikifungwa humo itafikia upungufu huo mapema zaidi, kwenye hezi 49 hivi. Yaani utakuwa umetumia mbao maradufu na kupoteza sehemu ya besi. Basi nunua spika kwanza, upige hesabu, ndipo umwite seremala.

Ugumu ndio unaostahili gharama. Ubao ukiongezwa unene mara mbili, ugumu wake huongezeka mara nane, lakini njia nafuu zaidi ni kuunganisha ubavu na ubavu kwa vipande vya mbao ndani ya boksi, kwa umbali usiolingana. Gonga ubavu kwa kifundo cha kidole: ukisikia mlio mfupi mkavu, kazi ni njema, ukiendelea kuvuma kama ngoma, ongeza viunganishi. Viungo navyo vizibwe kwa uangalifu uleule ambao mafundi wa majahazi hutia kalafati. Bonyeza koni polepole kisha uiachie. Ikirudi ghafla, kuna mahali panavuja.

Mvule ninauheshimu, lakini ubao mpana wa mvule hutanuka na kunywea kadiri unyevu unavyobadilika, na boksi lililogundishwa pande zote laweza kupasuka. Tumia plaiwudi ya kustahimili maji ya milimita 18, na mvule uwe pambo la kingo. MDF (ubao wa nyuzi za mbao zilizoshindiliwa kwa gundi) ya kawaida hufura ikipata maji, hivyo kwetu pwani siipendekezi.

Uzito ndio unaonitia wasiwasi hasa. Kila boksi lako lingekaribia kilo 130 kabla ya mchanga, likisimama juu ya eneo la mita za mraba 0.36, yaani kama kilo 360 kwa mita moja ya mraba, ilhali sakafu za makazi ya siku hizi kwa kawaida hupigiwa hesabu ya kilo 150 hivi kwa mita moja ya mraba. Chumba chako ni chembamba kwa sababu boriti za mikoko ndizo zilizoamua upana wake, na ncha zake zilizozama ukutani huweza kuoza au kuliwa na mchwa bila kuonekana. Tafadhali zikaguliwe na fundi wa nyumba za kale hata kwa spika nyepesi, kisha uweke spika karibu na kuta ndefu zinazobeba ncha hizo.

Mchanga si wazo baya. Gilbert Briggs wa Wharfedale, Uingereza, aliutumia kati ya mbao mbili katika miaka ya 1950, kwa kuwa chembe zikisuguana hula mtikisiko. Kwa nyumba ya chini ningekubali, mradi mchanga uwe wa mto, umeoshwa na kukaushwa, kwani wa bahari una chumvi na chumvi huvuta maji. Orofani, hapana.

Jambo la mwisho ni chumba. Katika joto letu sauti hwenda takriban mita 349 kwa sekunde, kwa hiyo upana wa mita 2.8 hukuza sauti ya hezi 62, ambayo nusu ya wimbi lake ni sawa na upana huo: anayeegemea ukuta ataisikia imevimba na aliye katikati ataisikia imepungua. Weka spika zote mbili kwenye ukuta mfupi, kila moja ikiwa mbali na ukuta wa ubavuni mwake kwa kipimo kilekile, na kwa kanda zenye besi sawa katika spika zote mbili, spika moja itafuta sehemu kubwa ya uvimbe wa mwenzake.

SWALI: Nina spika za zamani za inchi 12 ambazo sponji ya ukingo wa koni inameguka kama mkate. Je, nizitupe? (Msomaji, Likoni)

JIBU: Usizitupe ikiwa koni ni nzima na koili (waya uliozungushwa nyuma ya koni) haikwaruzi unapoisukuma kwa vidole vya mikono miwili. Sponji hiyo huharibiwa na unyevu na mwanga. Badilisha kwa ukingo wa mpira wa kipenyo sahihi, kisha upime Fs upya kabla ya kukata mbao, maana ukingo mpya huibadilisha.