Ukianza Kuchunguza DMK, Anza na Kazi za Serikali

Kwenu mnaoanza utafiti wa sayansi ya siasa na mmechagua vyama vya majimbo nchini India: wengi wetu kutoka Afrika Mashariki tunalifikia somo hili tukiwa tumeshatoa hukumu. Si ajabu. Katiba ya Kenya ya 2010, Ibara ya 91, inakataza chama kuasisiwa kwa misingi ya eneo, lugha au kabila. Sheria ya Vyama vya Siasa ya Tanzania ya 1992 inadai wanachama katika mikoa isiyopungua 10, Unguja na Pemba zikiwemo. Aliyekulia chini ya sheria hizo akisikia kuwa DMK (Dravida Munnetra Kazhagam) ni "chama cha Watamil" wa jimbo la Tamil Nadu, kusini mwa India, anasikia ukabila tu. Subiri kwanza uone chama hicho kimefanya nini kilipokabidhiwa serikali.

DMK ilianzishwa na C. N. Annadurai Septemba 1949, na mwanzoni ilitaka nchi ya peke yake ya Wadravidi, yaani watu wa kusini mwa India, Watamil wakiwemo. Dai hilo ililiacha mwaka 1963, katiba ilipofanyiwa marekebisho ili kuwabana wanaotaka kujitenga. Miaka minne baadaye ilikiondoa chama cha Congress madarakani katika jimbo la Madras, ambalo mwaka 1969 likaitwa Tamil Nadu. Hapo ndipo pa kuchimba: chama kilichotaka kutoka kiligeuka kuwa chama kinachopigania madaraka ya jimbo kikiwa ndani ya nchi. Mwaka huohuo wa 1969 serikali yake iliunda Kamati ya Rajamannar ichunguze uhusiano wa jimbo na serikali kuu. Soma ripoti ya kamati hiyo, ya 1971, kabla hujasoma hotuba hata moja.

Suala la lugha litakuvuta, na litakusumbua. Sisi tuliounganishwa na Kiswahili hutuwia vigumu kuelewa kwa nini watu waliandamana mwaka 1965, wengine hata kujichoma moto, kukipinga Kihindi kisiwe lugha rasmi pekee ya nchi. Jiulize mtoto wa Madurai, mji wa Tamil Nadu, aliyekulia Kitamil, angeshindanaje katika mtihani wa kazi serikalini dhidi ya mtoto aliyezaliwa na Kihindi mdomoni. Utaona kwamba walikuwa wanapigania ajira na heshima kwa pamoja.

Mkenya aangalie neno gavana. Gavana wa jimbo la India hachaguliwi na wananchi. Anateuliwa na Rais kwa ushauri wa serikali kuu, na anayeongoza serikali ya jimbo ni Waziri Kiongozi. Mvutano wa watu hawa wawili ndio moyo wa somo lenu. Kwa Ibara ya 356 ya katiba ya India serikali ya jimbo inaweza kuondolewa na Delhi ikachukua utawala. DMK iliondolewa hivyo Januari 1976, wakati wa hali ya hatari ya Indira Gandhi, na tena Januari 1991. Mwaka 1994, katika kesi ya S. R. Bommai, Mahakama ya Juu iliyabana matumizi ya ibara hiyo. Tangu hapo ugomvi mkubwa umehamia kwenye saini ya gavana ya kuridhia miswada. Aprili 2025 mahakama hiyo iliona kuwa gavana alikosea kuizuia miswada 10 ya Tamil Nadu, ikaihesabu kuwa imeridhiwa. Novemba mwaka huohuo jopo la majaji watano likatoa maoni kwamba mahakama haiwezi kumwekea gavana muda wala kuuhesabu muswada umeridhiwa bila yeye. Zisomeni zote mbili, kwa kufuatana. Ukisimama kwenye ya kwanza utaandika uongo bila kukusudia.

Halafu twende kwenye sahani. Chakula cha mchana shuleni kilianza kuenezwa na K. Kamaraj wa Congress, M. G. Ramachandran wa AIADMK akakipanua sana mwaka 1982, na M. K. Stalin wa DMK akaongeza kifungua kinywa mwaka 2022. Vyama vitatu, mpango mmoja. Kwa hiyo usimpe DMK sifa zote za Tamil Nadu. Ramachandran alifukuzwa DMK mwaka 1972, akaunda chama kilichokuja kuwa AIADMK, na kutoka 1967 hadi uchaguzi wa 2021 hakuna aliyeongoza serikali ya jimbo hilo kwa kura za wananchi ila kutoka katika vyama hivi viwili. Mimi naamini ushindani huo, kila mmoja akitaka kumpita mwenzake kwa mchele na shule, umewafaa maskini kuliko itikadi ya chama chochote peke yake. Wapo wanaopinga, wakitazama madeni ya jimbo na uongozi wa DMK ulivyotoka kwa Karunanidhi kwenda kwa mwanawe Stalin. Hoja zao ni nzito, zipeni sura nzima.

Wiki ya kwanza, basi, tafuteni hotuba za bajeti za pande zote mbili, mwaka mmoja kabla na mmoja baada ya kila mabadiliko ya serikali. Wekeni alama kwenye kila mpango uliobakia baada ya aliyeuanzisha kushindwa uchaguzi.