Jicho la samaki limetoka nje

Dada wa Chumbageni, Tanga, uliyeuliza kama umtupe samaki wako wa dhahabu aliyevimba jicho, usimtupe. Umesema ni jicho moja tu limevimba, basi yaelekea amejigonga, pengine kwenye yale mawe uliyookota Raskazone. Yatoe yote yenye ncha. Macho yangevimba yote mawili ningeshuku uchafu wa maji au maradhi ya ndani, na hayo ni mazito zaidi.

Badilisha robo ya maji leo, kesho kutwa tena. Maji ya bomba yalaze kwenye ndoo wazi siku nzima klorini itoke. Mtie kwenye chombo chake peke yake na haluli (ile chumvi ya kuharisha, Epsom salt), kijiko kimoja cha mezani kwa lita 20, uvimbe utashuka polepole. Haluli, si chumvi ya kupikia! Watu huchanganya hapo.

Jicho likipofuka hafi kwa hilo. Samaki hunusa chakula, na ubavuni ana mstari unaohisi mtikisiko wa maji. Mlishe kona ileile kila siku, usihamishehamishe vitu. Wangu ana chongo mwaka wa pili huu, na kwa ulafi anawashinda wenzake.